Léopold II, mtalii wa Villefranche

Mji wa Villefranche-sur-Mer umeshikamana na mlima unaoteremka hadi Bahari ya Mediterania, mwendo mfupi mashariki ya Nice. Nyumba zake za rangi ya njano na ya udongo zimepandana kama ngazi. Ndani ya mji wa kale kuna njia iliyofunikwa kwa juu tangu karne ya 13, na humo ni giza hata saa sita mchana. Karibu na bandari kuna ngome ya karne ya 16. Ghuba ina kina kirefu, kwa hiyo meli kubwa hutia nanga karibu na nchi kavu. Ng'ambo yake imejitokeza rasi ya Cap Ferrat yenye misonobari, na anayesimama kwenye barabara ya juu mlimani huona mji, ghuba na rasi vyote kwa pamoja. Chakula cha wenyeji si cha makuu: chapati ya unga wa dengu iliyookwa kwa mafuta ya zeituni, mkate wa vitunguu na dagaa wa chumvi, samaki wa siku hiyo.

Mwishoni mwa karne ya 19 matajiri wa Ulaya walikuja pwani hii wakati wa baridi na kuondoka joto lilipoanza. Malkia Victoria wa Uingereza alikuja Nice mara kadhaa na kukaa hotelini. Binamu yake, mfalme wa Wabelgiji, hakutosheka na hoteli. Alianza kuinunua rasi yenyewe, kiwanja baada ya kiwanja, vingine kwa majina ya watu wake.

Sisi wa Masisi na Walikale tunalijua jina lake tangu shule ya msingi, ila tunamjua kwa upande wa Kongo tu: Berlin, mpira, mikono iliyokatwa. Mwaka jana, nikitafuta majina ya mahali kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo, nilikutana na jina lake juu ya mlima wa Villefranche. Nikaona nimsome upya kutoka huko alikokula na kupumzika.

Alizaliwa Brussels tarehe 9 Aprili 1835. Baba yake, Léopold wa Kwanza, alikuwa mfalme wa kwanza wa nchi changa na ndogo. Mwaka 1853 kijana alioa Marie-Henriette wa Austria, ndoa isiyokuwa na furaha upande wowote. Alichokipenda ni safari. Alifika Misri, India, Ceylon, Burma na China, na popote alipokwenda swali lake lilikuwa moja: mahali hapa panaingiza kiasi gani? Mwaka 1862 alikaa Seville, katika nyumba ya kumbukumbu za makoloni ya Hispania, akichambua hesabu za faida walizopata Wahispania Amerika. Miaka miwili kabla ya hapo, akitoka Athens, alimletea waziri wa fedha wa Ubelgiji kipande cha marumaru kutoka Akropoli, kile kilima chenye mahekalu ya kale. Juu ya jiwe alikuwa ameandikisha kwamba Ubelgiji inahitaji koloni. Wageni wengine huokota jiwe la mahali kwa ajili ya kumbukumbu; la kwake lilikuwa ombi la kazi.

Alitawazwa Desemba 1865. Mwanawe wa pekee alitumbukia katika bwawa, akaugua mapafu na kufa mwaka 1869 akiwa na miaka tisa. Binti zake walikuwa watatu. Wanaomwandika husema kifo kile kilimkausha moyo. Sijui kama moyo wa mtu hupimika hivyo. Ninachoweza kukifuata ni matendo. Mwaka 1876 aliwaita Brussels wanajiografia na wavumbuzi kwa jina la sayansi na kupinga utumwa. Kisha akamwajiri Stanley, ambaye alikusanya mikataba ya machifu kando ya mto Kongo. Kufikia mwaka 1885, mkutano wa Berlin ulipomalizika, Léopold alikuwa ametambuliwa kuwa mwenye Dola Huru la Kongo. Ardhi ilikuwa yake binafsi, wala si ya Ubelgiji. Hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja.

Mtalii huyu aliyevuka bahari kwenda China hakuwahi kwenda kuona nchi yake mwenyewe. Badala yake aliileta itazamwe. Katika maonyesho ya Tervuren ya mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji, wengi wao wakaketishwa katika vijiji vya kuigiza ndani ya bustani ya mfalme, na watu zaidi ya milioni moja wakaja kuwaangalia. Watazamaji waliwarushia vyakula na pipi hadi baadhi yao wakaumwa, na ikabidi kiwekwe kibao cha kueleza kwamba wanalishwa na kamati. Saba walifia huko.

Fedha za Cap Ferrat zilitoka wapi? Baada ya Dunlop kubuni tairi la upepo mwaka 1888, mpira wa porini ukawa mali. Mawakala wa Dola na wa makampuni walikipangia kila kijiji kiasi cha kuleta. Kisipotimia, wanawake walishikwa rehani mpaka waume warudi na mpira. Askari walitakiwa kuonyesha mkono uliokatwa kwa kila risasi iliyotumika. Mjeledi ulikuwa wa ngozi ya kiboko, na hapa mwanaisimu hana budi kusimama kidogo: katika Kiswahili jina la mnyama na jina la mjeledi ni moja hadi leo, na mtoto anayetishiwa kiboko hajui anarithi nini. Neno mpira nalo limesafiri, kutoka utomvu wa mtini hadi kitu ambacho watoto wa Sake hukimbiza jioni. Mwaka 1896 Léopold alijitengea eneo kubwa kuzunguka ziwa ambalo wakati huo liliitwa kwa jina lake, na mapato yake yakaenda moja kwa moja kwenye majengo na bustani zake. Wangapi walikufa katika Dola lote? Hakukuwa na sensa. Wanahistoria huongea kwa mamilioni.

Ni lazima niwe mkweli kuhusu kwetu. Mpira mwingi ulitoka Équateur na misitu ya magharibi. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alipovuka kutoka Ziwa Kivu hadi mto Kongo, akipitia msitu wa bonde la Lowa, milima yetu ilikuwa mali ya mfalme kwenye ramani tu. Wajerumani walibishana naye juu ya Kivu hadi alipokufa. Mpaka ulikubaliwa mwaka 1910. Hivyo Masisi na Walikale tulikuwa miliki ya mtu ambaye hakujua hata miliki hiyo inaishia wapi.

Turudi mezani. Asubuhi alikunywa maji ya moto kwa wingi, kwa ajili ya afya. Aliogopa vijidudu kuliko alivyoogopa mabunge. Vitambaa vya meza vilichemshwa kila siku, na mvua iliponyesha ndevu zake ndefu aliziweka ndani ya mfuko usiopenya maji. Lakini alikula sana. Husimuliwa kwamba katika mkahawa mmoja wa Paris alimaliza kwararа wawili wazima, ndege wakubwa kama kuku, peke yake. Uzeeni alitembelea baiskeli kubwa ya magurudumu matatu. Majira ya baridi meli yake Alberta ilitia nanga katika ghuba ya Villefranche, na kutoka sitahani aliweza kuona mashamba yake yakiongezeka juu ya rasi. Jirani mmoja tu ndiye alimshinda: mwaka 1905 Béatrice Ephrussi de Rothschild aliwahi kiwanja ambacho mfalme alikitamani. Leo nyumba ya mama huyo ni makumbusho yenye bustani tisa, na mgeni akilipa kiingilio anaweza kunywa chai akitazama ghuba. Nakiri habari hiyo ilinifurahisha kupita kiasi kinachofaa katika makala ya kitivo.

Katika rasi hiyo aliishi pia na Blanche Delacroix, Mfaransa aliyekutana naye Paris mwaka 1900, msichana wa miaka 16 na mfalme wa miaka 65. Alimzalia wavulana wawili. Wabelgiji walichukia jambo hilo kuliko habari za Kongo. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi. Hata hivyo habari za Kongo ziliendelea kuja. Karani wa meli Edmund Morel aligundua kwamba meli zilileta mpira na pembe kutoka Kongo na kurudi na bunduki, bila bidhaa za kulipia. Konseli Roger Casement alitoa ripoti yake mwaka 1904. Tume ya mfalme mwenyewe ilikwenda kusikiliza Wakongo na ikarudi bila kuweza kukanusha. Mwezi Novemba 1908 Kongo ikawa koloni la Ubelgiji. Kabla ya makabidhiano, mwezi Agosti, nyaraka za Dola zilichomwa kwa siku nane mfululizo Brussels. Kwa mtu anayesomea lugha, hilo ndilo linaloniuma kwa namna ya pekee: tuna sauti za wakubwa kwa wingi, na hata hizo wenyewe walizipunguza.

Alikufa Laeken tarehe 17 Desemba 1909, siku chache baada ya kumwoa Blanche mbele ya padri. Jeneza lake lilizomewa njiani. Mabinti walikwenda mahakamani kudai urithi uliofichwa, na dola la Ubelgiji likachukua sehemu kubwa.

Nyumba zimeishi kuliko yeye. Les Cèdres, aliyoinunua mwaka 1904, ikawa ya familia ya wenye kinywaji cha Grand Marnier, wakapanda humo bustani ya mimea ya joto inayosifiwa na wanabotania. Mwaka 2019 iliuzwa kwa euro milioni 200. Juu ya Villefranche, kwenye ardhi iliyokuwa yake, kulijengwa miaka ya baadaye jumba ambalo nalo limepita mikononi mwa matajiri kadhaa.

Mimi sijafika Villefranche. Mlima ninaoujua ni ule wa juu ya Sake, kwenye kona ambapo Ziwa Kivu hujitokeza ghafla na kila gari la kutoka Masisi hupunguza mwendo. Wazungu waliipa Masisi jina la Uswisi kwa sababu ya malisho yake, na jibini letu hufika sokoni Goma likiwa katika magurudumu madogo ya manjano. Kwa Kiswahili cha kwetu tunasema kwenda kutembea, iwe ni kumsalimia shangazi au kutazama mandhari, na pale kona ya Sake zamani watu walisimama kutembea hivyo, wakala sambaza za kukaanga na viazi. Familia yangu iliipita kona hiyo na magodoro kichwani, hatukusimama.

Lile ziwa la magharibi lilivuliwa jina la mfalme. Leo ni Mai-Ndombe, maji meusi. Jumba la juu ya Villefranche bado linaitwa La Leopolda.