SENGAI, MTAWA ALIYECHORA CHURA

Kuna mwanafunzi hukaa darasani kutwa, kitabu kiko wazi mbele yake, na jioni hana alichovuna. Mzee ninayekuletea leo angemcheka, halafu angemchora.

Jina lake ni Sengai Gibon. Alizaliwa mwaka wa 1750 katika jimbo la Mino, nchini Japani, na wazazi wakulima. Akiwa bado mtoto alitiwa katika utawa wa Zen, mojawapo ya madhehebu ya dini ya Budha. Alisoma miaka mingi kwa mwalimu wake, Gessen. Hatimaye alifika mjini Hakata, na mwaka wa 1789 akawa mkuu wa hekalu la Shofukuji.

Mnamo 1811 aling'atuka. Wengine wakistaafu hulala. Yeye ndipo aliposhika brashi kweli kweli! Alichora kwa wino mweusi, kisha kando ya picha akaandika maneno kwa brashi ile ile. Karatasi ya namna hiyo hutiwa vijiti juu na chini, ikaning'inizwa ukutani. Ikiondolewa hukunjwa kama mkeka.

Picha yake moja maarufu ni ya chura aliyekaa kitako, ametulia, utadhani anatabasamu. Watawa wa Zen nao hukaa vivyo hivyo saa nyingi wakitafakari. Basi maandishi yake yana kijembe: kukaa peke yake hakumfanyi mtu Budha, kwani hata chura hukaa. Ebu fikiria, mkuu wa hekalu anawachokoza watawa wenzake!

Watu walimiminika kwake na karatasi wakitaka wachorewe. Alilalamika kwa utani kwamba nyumba yake imegeuka choo, maana kila aingiaye ana karatasi mkononi. Mwaka wa 1832 alisimamisha jiwe kutangaza kwamba ameacha brashi. Wapi! Watu hawakukoma, naye akaendelea kuchora.

Alifariki mwaka wa 1837, akiwa na miaka 87. Baadaye tajiri wa mafuta, Idemitsu Sazo, aliyeanza kununua picha za Sengai angali kijana, alizikusanya kwa wingi, na mwaka wa 1966 akafungua jumba la sanaa jijini Tokyo.

Wenzangu, kengele ya masomo ya jioni ikilia, tukae. Lakini jamani, tusikae kama chura.