Higinbotham: Alitaka kukumbukwa kwa amani, akakumbukwa kwa mchezo

WAGENI waliozuru Maabara ya Kitaifa ya Brookhaven katika kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, mnamo Oktoba 18, 1958, walitarajia kutazama picha na mitambo isiyoguswa. Badala yake walijikuta kwenye foleni ndefu, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kucheza tenisi kwenye kioo cha duara chenye upana wa inchi 5.

Aliyewaandalia burudani hiyo ni mwanafizikia William Alfred Higinbotham. Miaka 13 kabla ya siku hiyo alikuwa miongoni mwa wataalamu walioliunda bomu la kwanza la atomiki. Sehemu kubwa ya maisha yake baada ya vita aliitumia kupigania udhibiti wa silaha hiyo. Hata hivyo, ni mchezo ule wa tenisi uliolibeba jina lake hadi kwa vizazi vya baadaye.

Higinbotham alizaliwa Oktoba 25, 1910, katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut nchini Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Presbyterian, na kijana huyo alikulia katika mji mdogo wa Caledonia, New York.

Alihitimu katika Chuo cha Williams mnamo 1932, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka na ajira zilikuwa adimu. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Cornell kuendeleza masomo ya fizikia. Huko alifanya pia kazi ya ufundi wa vyombo vya elektroniki, na ingawa hakupata shahada ya uzamifu, ujuzi wa mikono alioupata ndio uliompa riziki maisha yake yote.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, aliitwa katika maabara ya mionzi ya chuo cha MIT, ambako wataalamu walikuwa wakitengeneza rada. Kazi yake ilihusu namna ya kuonyesha kwenye kioo mawimbi yaliyorejea kutoka kwa ndege za adui. Mnamo 1943 alihamia Los Alamos, jimbo la New Mexico, kulikokuwa na mradi wa siri wa bomu la atomiki. Kabla ya vita kumalizika, alikuwa mkuu wa kikundi cha elektroniki kilichoshughulikia mitambo ya kupima wakati kwa usahihi mkubwa mno.

Julai 16, 1945, Higinbotham alishuhudia bomu la majaribio likilipuliwa katika jangwa la New Mexico. Wiki tatu baadaye, Hiroshima na kisha Nagasaki ziliteketezwa.

Wapo wanasayansi waliorejea vyuoni mwao bila kelele. Higinbotham alielekea Washington. Pamoja na wenzake, alishiriki kuanzisha shirikisho la wanasayansi wa atomiki mwishoni mwa 1945, ambalo lilibadilika kuwa Shirikisho la Wanasayansi wa Marekani. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza, kisha akawa katibu mtendaji.

Wanasayansi hao, wengi wao vijana wasiojua lolote kuhusu siasa, waliingia katika ofisi za wabunge na za wahariri wa magazeti. Walieleza kwamba siri ya bomu haingefichika milele, na kwamba nguvu za atomiki hazikufaa kuachiwa wanajeshi. Juhudi zao zilichangia kupitishwa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Harry Truman mnamo Agosti 1, 1946, iliyokabidhi masuala ya atomiki kwa tume ya kiraia.

Mnamo 1947 Higinbotham alijiunga na maabara mpya ya Brookhaven, na kuanzia 1951 aliongoza idara iliyounda vyombo vya kupimia. Wenzake walimfahamu kama mtu mcheshi aliyependa kupiga kodiani.

Kila mwaka maabara hiyo ilikuwa ikifungua milango kwa umma. Watu wengi waliishi karibu nayo kwa wasiwasi, wakijiuliza ni nini kilichokuwa kikipikwa humo ndani. Higinbotham aliona kwamba maonyesho ya picha na vyombo vilivyokaa kimya hayakuwavutia wageni. Alitaka kitu ambacho wangekishika, na ambacho kingewaonyesha kuwa sayansi ina nafasi katika maisha yao.

Maabara ilikuwa na kompyuta ndogo ya analogi. Kitabu cha maelezo yake kilifafanua jinsi ya kukokotoa njia ya risasi, ya kombora, au ya mpira unaodunda. Hesabu ni zile zile: kitu kikirushwa hupaa, kikavutwa na ardhi, kikapunguzwa kasi na hewa. Katika orodha hiyo, Higinbotham aliuchagua mpira.

Alichora ramani ya nyaya kwa muda wa saa chache tu. Fundi Robert Dvorak aliziunganisha, na baada ya wiki kadhaa za kuunda na kurekebisha, mchezo ulikuwa tayari. Kompyuta iliunganishwa na osiloskopu, chombo cha mezani kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo. Mchezaji aliona uwanja kutoka ubavuni: mstari mrefu wa ardhi, mstari mfupi wa wavu, na nukta ya nuru iliyokuwa mpira.

Kila mchezaji alishika kisanduku kidogo cha alumini chenye kifundo cha kuzungusha na kitufe. Kifundo kilielekeza pembe ya pigo, kitufe kikaurudisha mpira. Swichi za umeme zilitoa mlio kila mpira ulipopigwa, na mpira ukigusa wavu ulirudi nyuma. Hakukuwa na hesabu ya mabao. Wachezaji waliamua wenyewe nani ameshinda.

Mnamo 1959 mchezo ulirejeshwa kwa kioo kikubwa zaidi. Safari hii wageni waliweza kucheza kana kwamba wako mwezini, ambako mvutano ni hafifu, au katika sayari ya Mshtarii, ambako mpira huvutwa chini kwa nguvu. Maonyesho yalipokwisha, mitambo ilivunjwa na vipuri vyake vikatumiwa katika kazi nyingine.

Higinbotham hakuomba hataza. Alikuwa na uvumbuzi mwingine uliosajiliwa, na alijua kuwa haki za mchezo huo zingekuwa za serikali ya Marekani. Isitoshe, hakuuona kama jambo kubwa.

Wengine waliona. Mnamo 1972 kampuni ya Magnavox iliuza mashine ya michezo ya runinga iliyotokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer, na mwaka huo huo Atari ikatoa Pong, tenisi ya mezani ya kielektroniki. Kufikia 1977, Mattel ilikuwa ikiuza mchezo wa futiboli ya Kimarekani wa kushikwa kiganjani, wachezaji wake wakiwa vijitaa vyekundu. Michezo ya viwanjani ilikuwa imeingia mfukoni, na biashara ya mamilioni ya dola ikazaliwa.

Jina la Higinbotham lilifufuliwa mnamo 1982 na jarida la Creative Computing, ambalo mwanzilishi wake, David Ahl, alikuwa ameuona mchezo huo Brookhaven akiwa mwanafunzi. Baadaye mawakili wa Nintendo walimwita atoe ushahidi, wakitumaini kubatilisha hataza za Magnavox. Mahakama ilikataa hoja yao.

Kwa Higinbotham, kesi hiyo ilikuwa kando ya shughuli zake. Tangu 1968 alikuwa akishughulikia mbinu za kulinda na kuhesabu madini ya nyuklia yasije yakaangukia mikononi mwa waunda mabomu. Alistaafu mnamo 1984, lakini aliendelea kuhariri jarida la kitaalamu kuhusu usimamizi wa madini hayo hadi mwisho wa uhai wake.

Aliaga dunia Novemba 10, 1994, akiwa na umri wa miaka 84. Familia yake ilieleza kwamba alitamani kukumbukwa kwa juhudi zake za kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia.

Mnamo 1997, Brookhaven ilipoadhimisha miaka 50, wahandisi waliuunda upya mchezo wa tenisi, wakihangaika kutafuta vipuri vya zamani. Wageni walipanga foleni tena. Sheria ya 1946 na miaka mingi ya kuhesabu madini hatari havina kioo wala kitufe cha kubonyezwa, ingawa ndiko mwanafizikia huyo alikotumia nguvu zake nyingi.