Jaji Barth na Maana Isiyotamkwa

Jacob William Barth aliongoza Tume ya Kazi za Wenyeji ya 1912-13, kisha akawa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 1920 hadi 1934. Hata hivyo, anakumbukwa zaidi kwa hukumu moja ya mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika shauri la ardhi baina ya Isaka Wainaina na Murito.

Sheria ya Ardhi za Taji ya 1915 iliziingiza ardhi zilizotengewa Waafrika katika fasili ya ardhi ya Taji. Haikutamka kwamba haki zao zimekufa. Barth aliisoma pamoja na amri ya 1920 iliyoifanya Kenya koloni, akachota humo maana dokezwa: ikiwa ardhi ni ya Taji, mwenyeji ni mpangaji tu, awezaye kuondolewa wakati wowote. Mwaka 1921, katika kesi ya Amodu Tijani wa Lagos, Baraza la Mfalme huko London lilishika kinyume chake: dola ikitwaa nchi, haki za wenyeji hudhaniwa zimebaki. Kimya kimoja, tafsiri mbili.

Kawangware, upande wa Dagoretti, githaka za mbari za Wakikuyu zilikosa kinga mahakamani. Kibera, Wanubi waliotengewa ekari 4,197 mwaka 1918 nao walihesabiwa wapangaji wa Taji. Hatimiliki, ya ekari 288, waliipata 2017.

Maisha ya Barth yanamfunza mwanaisimu kwamba kidokezo hakimo katika neno pekee. Kimo pia mikononi mwa mwenye mamlaka ya kulifasiri.