Seyyid Barghash na Maji ya Chemchem

Kila atajwapo Seyyid Barghash bin Said, watu hukumbuka kwanza Beit al-Ajaib: nguzo zake, roshani zake pana, taa za stima zilizowaka humo wakati miji ya pwani yetu ilikuwa ingali ikimulikwa kwa mafuta, na lifti ambayo husemwa kuwa ndiyo ya kwanza Afrika Mashariki. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883, na jina lake latosha kuonyesha lilivyowashangaza waliolitazama. Lakini katika kazi zote za mtawala huyu, iliyowafaa watu zaidi haikuwa na nguzo wala roshani, na sehemu yake kubwa ilizikwa ardhini. Ni mabomba ya maji.

Seyyid Barghash alizaliwa kama mwaka 1837, mtoto wa Seyyid Said bin Sultan kwa mama wa Kihabeshi. Baba yake alipofariki baharini mwaka 1856, Barghash alikuwa naye chomboni, na walipofika Unguja alijaribu kuutwaa ufalme mbele ya nduguye Majid. Hakufaulu. Mwaka 1859 akajaribu tena, mara hii kwa silaha, akisaidiwa na dada zake Bi Khole na Bi Salme. Waingereza wakasimama upande wa Majid, na Barghash akapelekwa Bombay kukaa uhamishoni muda wa miaka kama miwili.

Bombay ya siku zile ilikuwa mji wa mambo mapya. Gari la moshi la kwanza la India lilikuwa limeanza safari zake hapo mwaka 1853. Mwaka 1860, naye yumo mjini, maji ya bwawa la Vehar yakaanza kuletwa kwa mabomba kutoka mbali, yakawafikia watu waliozoea visima na matangi. Kwa kijana aliyelelewa katika mji wa visima, hayo yalikuwa masomo makubwa, ingawa waliompeleka huko hawakukusudia kumsomesha.

Alirudi Unguja, akakaa kimya. Ndipo ulipokuja msiba wa kipindupindu wa mwaka 1869 na 1870. Maradhi yalishuka kutoka bara kwa njia ya Umasaini, yakafika Pangani, yakavuka bahari hadi Unguja, na watu wakafa kwa maelfu. Mjini alikuwako daktari Mskochi, James Christie, aliyewahoji wasafiri wa misafara na manahodha mpaka akaijua njia yote ya maradhi hayo. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1876. Tukumbuke kwamba wakati huo hata Ulaya wasomi wengi waliamini kuwa kipindupindu huletwa na hewa mbaya. Dakta John Snow alikuwa ameonyesha London mwaka 1854 kuwa ubaya umo majini, lakini wengi hawakumkubali, na mdudu mwenyewe hakuthibitishwa na Robert Koch mpaka mwaka 1884. Unguja mjini visima vilikuwa vifupi, vimechimbwa katika ardhi ile ile iliyochimbwa vyoo. Mtu alichota maji, akayaona meupe, akanywa.

Seyyid Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akakalia kiti. Alirithi mji uliotoka matangani, na haukupita muda mrefu ila tufani ya Aprili 1872 ikazamisha vyombo na kung'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Mwaka uliofuata Waingereza wakamtisha kwa manowari mpaka akatia sahihi, Juni 5, 1873, mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko lao. Haifai kulificha jambo hili: mali iliyojenga majumba yake ilitoka katika karafuu na pembe, na karafuu zilichumwa na watumwa.

Mwaka 1875 alialikwa Uingereza, akaonana na Malkia Victoria, akapitia Paris na Misri wakati wa kurudi. Baada ya safari hiyo kazi zikafuatana. Alijenga njia ya gari la moshi kutoka mjini hadi kasri yake ya Chukwani, mabehewa yakivutwa kwanza na nyumbu. Aliweka mtambo wa kupiga chapa, vikatoka vitabu vya dini vya madhehebu yake ya Ibadhi. Alinunua meli za moshi zilizoleta mchele kutoka India na kuwachukua mahujaji mpaka Jidda, wengine bila ya nauli. Msomaji aliyewahi kumsikia babu akisimulia safari ya Hija kwa jahazi, miezi ya kungojea kusi na miezi ya kungojea kaskazi, atafahamu neema hiyo ilikuwa na uzito gani.

Na maji je? Aliyatoa katika chemchem za nje ya mji, akayapitisha mferejini na katika mabomba mpaka mjini, na watu wakayateka bila ya malipo. Kazi ya mtungi kichwani alfajiri na jioni, ambayo aghalabu ilikuwa ya wanawake na watumwa, ikapungua. Bafu za Hamamni, alizozijenga kwa mtindo wa Kiajemi na ambazo zilidumu kutumika hadi mwaka 1920, zisingewezekana kwa maji ya kisima.

Sisi wa Mombasa tuna hesabu nyingine na Seyyid Barghash. Januari 1875, Akida Muhammad bin Abdalla alipojifungia Ngomeni, manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga ngome yetu kwa ajili ya Sultani. Na alimtia gerezani Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui, mwanachuoni wetu, kwa ajili ya mafundisho yake, asitoke mpaka Sultani mwenyewe alipokufa. Mwenye kuwapa watu maji si lazima awape na nafasi ya kusema.

Upungufu wake mwingine uliwagusa wote. Alinunua mitambo, lakini elimu ya mitambo ilibaki kwa wageni walioiendesha. Hakuacha skuli ya kuwafundisha vijana ufundi huo. Tazama habari ya simu. Mwaka 1879 waya wa baharini ulifika Unguja kutoka Aden, na habari zilizochukua majuma zikaanza kupita kwa saa. Aprili 1885, aliposikia kuwa Wajerumani wamezichukua nchi za bara kwa mikataba ya Carl Peters, aliutumia waya huo kumpelekea Kaisari wa Ujerumani malalamiko yake. Lakini waya ulikuwa wa kampuni ya Kiingereza, na London nayo iliweza kumwamrisha balozi wake, John Kirk, siku hiyo hiyo. Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri. Akakubali. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikaa bila yake, wakamwachia visiwa na ukanda wa maili 10 wa pwani. Mwaka 1887 akawakodisha Waingereza sehemu yake, ikiwemo Mombasa.

Mapema mwaka 1888 alikwenda Muskat kutafuta afya katika maji ya moto ya huko. Hakuipata. Alirudishwa Unguja, akafariki Machi mwaka huo, umri wake kama miaka 51. Reli yake ya Chukwani iling'olewa. Beit al-Ajaib ilisalimika na mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, lakini Disemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka na watu wawili wakafa. Maji ya Chemchem yaliendelea kumiminika mjini katika enzi za masultani waliomfuata, yakinywewa na watu ambao wengi wao hawakupata kuingia kasri hata siku moja.