Maria Montessori: daktari aliyewafundisha watoto kuona kwa kucheza

Mama, mlezi, huenda umeshaambiwa kwamba mtoto wako mwenye mtindio wa ubongo, usonji au ulemavu wa akili hafundishiki. Zaidi ya miaka 120 iliyopita daktari mmoja alikataa maneno hayo. Maisha yake yana jambo unaloweza kulitumia nyumbani leo.

Maisha yake

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, Italia. Wakati huo wasichana hawakutarajiwa kusomea udaktari, lakini alihitimu Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini mwake kuwa madaktari.

Katika kazi yake alitembelea hospitali za wagonjwa wa akili. Humo aliwakuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa, bila kitu cha kuchezea. Inasimuliwa kwamba wakimaliza kula walikuwa wakiokota makombo ya mkate sakafuni. Mhudumu aliona ni ulafi. Montessori aliona watoto wanaotafuta kitu cha kushika na kutazama.

Akasoma kazi za Itard na Séguin, madaktari wa Ufaransa waliowahi kufundisha watoto kama hao. Mwaka 1900 akaanza kuongoza, pamoja na daktari mwenzake, shule ya Roma iliyofundisha watoto hao na walimu wao. Baadhi ya watoto wake walifanya mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wengine, wakafaulu.

Mwaka 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo. Alifariki Uholanzi tarehe 6 Mei 1952. Leo chekechea zinazofuata njia yake zipo hata Tanzania.

Alichokitambua

Mtoto anaweza kuwa na macho mazima, lakini ubongo ukachelewa kutambua rangi, ukubwa na umbo. Montessori alitumia vifaa vinavyotofautiana kwa jambo moja tu. Mnara wake una vipande 10 vya mbao, vyote vya rangi moja, kuanzia sentimita 1 hadi 10. Mtoto anashughulika na ukubwa peke yake, hachanganyikiwi.

Jaribu nyumbani

- *Ukubwa:* mpe mabakuli ya plastiki ya rangi moja ayapange moja ndani ya jingine. Anza na mawili, kubwa sana na dogo sana.
- *Rangi:* atenganishe vizibo vya chupa za maji vyenye umbo moja, vyekundu huku, vya bluu kule.
- *Umbo:* toboa boksi tundu la duara na la mraba, atumbukize kitu kinacholingana na kila tundu.

Tandika kitambaa cha rangi moja, siyo kanga yenye maua, ili aone vitu vizuri. Kaeni penye mwanga. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, akichoka, acheni. Akikosea usimgombeze, mwache ajaribu tena.

Kama bado anapeleka vitu mdomoni, usimpe vizibo wala maharage, anaweza kupaliwa. Tumia viazi vizima. Usimwache peke yake.

Usisahau macho

Ukiona doa jeupe kwenye mboni, makengeza, au mtoto hafuatishi mwanga wala uso wako, mpeleke kituo cha afya mapema, usisubiri. Ukiwa Mbeya au Iringa, omba rufaa ya kliniki ya macho hospitalini. Mchezo hautibu jicho linaloumwa.

Michezo hii haiondoi ulemavu, na kila mtoto ana mwendo wake. Lakini mtoto anayeweza kutofautisha kikombe chake na cha kaka yake, au kuchagua shati lake mwenyewe, amepiga hatua. Usimfiche ndani. Leo jioni, ukimaliza kuosha vyombo, mwekee mabakuli mawili mbele yake.