Emin Pasha: Mtu Aliyeficha Asili Yake

Mtahiniwa, ukitakiwa kuandika wasifu, chagua mtu ambaye maisha yake yanajibu swali moja zito. Emin Pasha, aliyejenga kituo kilichozaa mji wa Bukoba, anafaa. Swali lake hulikuta pia katika riwaya: mtu akiikana asili yake, nani katika familia hulipa?

Kuzaliwa na malezi

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 mjini Oppeln, Prusia (leo Opole, Poland). Aliitwa Eduard Schnitzer na wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba alifariki 1845, mama akaolewa na Mkristo, mtoto akabatizwa. Zingatia: badiliko la kwanza hakulifanya yeye. Wakati huo Wayahudi walifungiwa nafasi nyingi za utumishi wa serikali.

Kuficha asili

Alihitimu udaktari 1864 lakini akakosa kibali cha kutibu kwao. Akaenda kwenye Dola ya Osmani, akawa daktari huko na kuzifahamu vizuri lugha na desturi za Waturuki. Gavana aliyemtumikia, Ismail Hakki Pasha, alifariki 1873. Mwaka 1875 Schnitzer alimpeleka mjane huyo na watoto wake nyumbani kwa mama yake, akiwatambulisha kuwa mke na wanawe. Baada ya muda mfupi akawatoroka. Mwisho wa mwaka huo alifika Khartoum, akajiita Emin, akijieleza kuwa Mturuki aliyesomea Ujerumani. Jina hilo ni lilelile Amini, yaani mwaminifu.

Utumishi na Bukoba

Mwaka 1878 alifanywa gavana wa Jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan. Vita vya Mahdi vikamkatia njia. Stanley alimfikia 1888, na Desemba 1889 wakaingia Bagamoyo. Akajiunga na Wajerumani, na Novemba 1890 akajenga kituo Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria.

Usiandike kwamba aliigundua Bukoba. Falme za Wahaya, ikiwamo Ihangiro iliyo katika Muleba ya leo, zilikuwapo kabla yake. Huko mtu alijulikana kwa ukoo wa baba yake na muziro wa ukoo huo. Mgeni aliyeuficha ukoo wake alikuja kujenga kwa watu walioutaja wao bila haya.

Binti na kifo

Alizaa binti, Ferida, na mwanamke Mhabeshi. Mtoto alipelekwa Ujerumani, akalelewa na shangazi yake. Ndugu aliowaacha ndio waliompokea mwanawe. Emin aliuawa Oktoba 1892 huko Kinena, Kongo, kwa amri ya Kibonge, mtawala aliyefanya biashara ya watumwa.

Jinsi ya kujibu

Usimhukumu haraka wala usimsafishe. Onesha sababu: milango iliyofungwa kwao. Kisha onesha gharama: mjane aliyetelekezwa, mama aliyedanganywa na binti aliyelelewa mbali na baba. Jina jipya lilimpa Emin cheo, lakini deni lililipwa na wanawake na watoto.

Maswali ya kujipima

1. Taja mabadiliko mawili ya utambulisho wa Emin, na ueleze nani aliyafanya.
2. Kwa nini si sahihi kusema aligundua Bukoba?
3. Linganisha Emin na mhusika yeyote wa riwaya uliyosoma ambaye alificha asili au siri ya familia yake. Toa hoja tatu.