Dijkstra, aliyezipangia zamu kazi za kompyuta

Mtalii apigaye picha juu ya kuta za Ngome ya Yesu, Mombasa, huona kamera ya simu ikiwa tayari kwa picha ya pili wakati ya kwanza ingali inatumwa chinichini. Mpango huo wa kazi kwenda sambamba, kila moja ikifuata uzi wake ndani ya programu, una deni kubwa kwa Mholanzi Edsger Dijkstra.

Alizaliwa Rotterdam mwaka 1930. Mwaka 1952 aliajiriwa Amsterdam kutunga programu za kompyuta. Alipofunga ndoa mwaka 1957, wakuu wa mji huo walikataa kuisajili kazi yake wakidai haipo, akaandikwa mwanafizikia.

Hakuiacha. Alitambua hatari iliyojificha: uzi mmoja ukifuta picha ambayo mwingine unaituma, kumbukumbu huvurugika. Mwaka 1965 alichapisha suluhisho la kuziingiza nyuzi moja moja, mithili ya walinzi wa lango la ngome. Alibuni pia semafori, ishara ya kuruhusu na kuzuia, akiazima jina hilo katika reli. Alichambua vilevile mkwamo, pale nyuzi mbili zinaposubiriana hadi zote zikaganda.

Alipata Tuzo ya Turing mwaka 1972, akafundisha Texas tangu 1984, na kufariki dunia Nuenen, Uholanzi, Agosti 6, 2002. Simu isiyoganda kule ngomeni yathibitisha kuwa kazi iliyokataliwa Amsterdam ilikuwa kazi kweli.